Mheshimiwa Waziri, Naomba Vipimo vya Kulizwa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi,
Mji wa Serikali, Mtumba.

Mheshimiwa, nakuandikia kutoka Ihumwa, mimi jirani yako. Magari yenu ya vioo vyeusi yanatupita asubuhi tukiwa kando ya barabara kuu tunangoja daladala, na kwa ujirani huo naamini hutaninyima ombi dogo. Sipingi kutawanywa. Kaulimbiu ya kutii sheria bila shuruti naijua tangu enzi za Mkuu wa Jeshi la Polisi, IGP Mwema, na nikiamriwa kutawanyika nitatawanyika hata nikiwa peke yangu. Ninachoomba ni vipimo.

Maana mwananchi kapimwa vizuri sana. Sheria ya Jeshi la Polisi, Sura ya 322, inamtaka anayetaka kuandamana atoe taarifa ya maandishi saa 48 kabla. Kwa Kanuni ya Adhabu, watu 3 wanatosha kuwa mkusanyiko haramu; wakifika 12 na ghasia juu, hakimu, au asipokuwapo, polisi kuanzia cheo cha inspekta, anaweza kuwatolea ilani kwa jina la Jamhuri kwamba watawanyike. Hesabu safi. Ila tukivuka kuja upande wenu, tarakimu zinakwisha ghafla. Baada ya ilani tunapewa muda "wa kutosha". Nguvu itakayotumika iwe ya kadiri. Bomu la machozi lifyatuliwe kutoka mita ngapi, gari la maji ya washawasha limwelekee nani, risasi ya mpira ilenge wapi mwilini, Kanuni ya Adhabu haina habari. Habari iliyonayo ni ya kifungu cha 78: aliyetumia nguvu hiyo ya kadiri akajeruhi au kuua, hashitakiwi wala hadaiwi.

Asili ya sheria hii ya ilani ni Waingereza. Walipoitunga mwaka 1715, mfalme alitaka wafanya ghasia 12 wasomewe tangazo, kisha wapewe saa nzima ya kuondoka. Sisi tumerithi wale 12 bila kupungua hata mmoja. Saa ndiyo imepotea njiani, labda imekwama bandarini.

Usidhani nakuza mambo, Mheshimiwa. Tarehe 2 Septemba 2012, kijijini Nyololo, Mufindi, Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten, alikuwa kazini, akiripoti shughuli ya chama cha Chadema. Picha zilizochapishwa zinaonyesha askari wamemzunguka kwa virungu na ngao, naye hana popote pa kutawanyikia. Bomu la machozi, kifaa kinachosifiwa kwa kutokuua, lilifyatuliwa kwa karibu kabisa likampasua tumbo. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilimfunga askari mmoja miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Mahakama ikawa imemaliza yake. Kifungu cha 78 hakikuongezewa hata sentimita moja.

Mwaka 2013, hapa hapa Dodoma, Waziri Mkuu Mizengo Pinda alisimama bungeni akasema watakaokaidi wapigwe tu. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Chama cha Wanasheria wa Tanganyika wakaenda mahakamani. Mwaka uliofuata wakaambiwa hawana haki ya kufungua shauri hilo. Kumbe ili ulalamike inabidi uwe umepigwa wewe mwenyewe. Ni utaratibu mzuri, unapunguza foleni mahakamani.

Vipimo vyenyewe wala havihitaji mtaalamu wa kulipwa posho. Umoja wa Mataifa ulitoa mwongozo mwaka 2020: gesi isifyatuliwe kumlenga mtu, wala isitumike mahali palipofungwa, risasi ya mpira ilenge miguu au sehemu ya chini ya tumbo, na iwe kwa mfanya vurugu tu. Na tangu 1993 upo mkataba wa kimataifa unaokataza gesi ya machozi kutumika kama mbinu ya kivita. Yaani adui akituvamia kwa vifaru, hairuhusiwi kumliza. Mwanafunzi wa chuo mwenye bango, ruksa.

Najua baada ya uchaguzi wa 29 Oktoba 2025, anayeuliza habari za gesi anaonekana kama mtu anayelalamikia chumvi msibani. Siku ile zilipigwa risasi za moto, watu wakazikwa, na Rais akaunda Tume chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Lakini ndiyo maana nauliza. Silaha za kutoua zililetwa ili zile nyingine zibaki ghalani, na asiyejua mita za bomu la machozi sioni atazijulia wapi za bunduki ya SMG.

Basi niandikie kwa tarakimu: dakika baada ya ilani, mita, kiungo cha mwili. Niandikie pia habari za fomu ya polisi ya PF3, maana aliyejeruhiwa na bomu lenu amekuwa akitazamiwa apitie kituoni kwenu kuichukua, amweleze askari wa zamu kilichompata, ndipo akatibiwe.

Barua hii tulitaka tuilete wenyewe hadi getini Mtumba, mimi na wenzangu. Tupo kumi na mmoja, tunaenea kwenye Noah moja kwa kubanana. Tatizo ni dereva: naye akishuka tunakuwa kumi na wawili. Tumeona tuitume tu.

Jirani yako,
Mkazi wa Ihumwa