Nyar Osiri Dirishani

Mtoto wa Osiri hasubiri mwalimu wa hisabati ili aijue desimali. Huko machimboni Osiri, kaunti ya Migori nchini Kenya, dhahabu ya wachimbaji wadogo haiuzwi kwa kilo. Inauzwa kwa pointi, na pointi moja ni sehemu ya kumi ya gramu. Mnunuzi huja na mizani ya betri inayoingia mfukoni, huiweka mezani, huikinga kwa kiganja upepo usiitikise, na wote waliomzunguka hukodolea macho tarakimu iliyo nyuma ya nukta. Kwa hiyo msichana mmoja wa hapo alipomaliza Kidato cha Nne na kutangaza kuwa anataka kusomea famasia, jamaa zake hawakushangaa. Kupima vitu vidogo kwa makini anakujua tangu utotoni, walisema, na hospitalini afadhali hatashika zebaki. Na kweli, zebaki iliyofukuzwa kwenye vipimajoto vya hospitali bado haijafukuzwa kwenye mabeseni ya kuoshea dhahabu.

Akiwa anangoja KUCCPS, shirika linalopanga wanafunzi vyuoni, limwambie ataenda chuo gani, shangazi yake alimtafutia nafasi ya kukaa na mfamasia wa hospitali moja ya umma, aione kazi yenyewe kabla ya kujifunga miaka mitano ya shahada na mwaka mzima wa mafunzo kazini juu yake. Masharti yalikuwa mepesi: atazame, asiguse. Mfamasia, mama wa makamo ambaye wauguzi wote humwita Daktari, alimsalimu kwa Kijaluo, akamuuliza kwao ni wapi, na tangu hapo jina lake la shuleni halikutajwa tena. Akawa Nyar Osiri, binti wa Osiri.

Mkosi wa kwanza aliletewa na koti. Alipewa koti jeupe la mtu aliyekuwa likizoni, mikono ikampita vidole, na mfukoni mlikuwa na kalamu tatu zisizoandika. Hospitalini, mwenye koti jeupe ni daktari hadi athibitishe vinginevyo. Kabla hajalifikia dirisha la dawa, mzee mmoja alikuwa ameshakunja suruali amwonyeshe kidonda cha goti, mama mwingine amemweleza maumivu yanayoanzia mgongoni na kuishia mahali pasipotajwa kwenye foleni, na bawabu amemnong'oneza kama anaweza kumpatia Panadol mbili. Wote aliwajibu "pole sana." Cha ajabu, wote waliridhika. Mzee wa goti hata alimwambia mwenzake kwamba daktari huyu mdogo ana adabu kuliko wale wakubwa.

Watu husema kazi ya famasia ni kuhesabu vidonge, na saa za mwanzo hata yeye aliona hivyo. Kuna sahani ya plastiki yenye mfereji pembeni, kuna kisu bapa kisicho na makali, kuna mkebe wa parasetamoli wenye vidonge 1000. Vidonge humwagwa kwenye sahani, vikasukumwa vitano vitano mpaka kwenye mfereji, kisha vikateremshwa kwenye bahasha. Mzoefu huhesabu huku akipiga gumzo la mpira na jirani yake. Nyar Osiri, ambaye sharti la kutogusa lilikuwa limelegezwa kwa vile foleni ilikuwa imefika langoni, alijaribu kuiga ustadi huo. Akafika sitini na tano. Mtu akauliza saa. Akajibu, "Nne na robo," kisha akaendelea: tano, kumi, kumi na tano.

Lakini kizaazaa halisi kilitoka kwenye bahasha. Katika hospitali zetu, maelezo ya dawa huandikwa kwa mkato: 1×3, yaani kidonge kimoja, mara tatu kwa siku. Wanaofanya kazi dirishani wameiandika mara nyingi kiasi cha kusahau kwamba ile ni alama ya kuzidisha. Akaja mwalimu mstaafu, amevaa tai kabisa, akapewa amoksilini za siku tano, kapsuli 15, na bahasha iliyoandikwa 1×3. Nyar Osiri mwenyewe ndiye aliyemkabidhi. Akamuuliza, "Umeelewa, mwalimu?" Mwalimu akamtazama kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyeuliza kama dunia ni duara. Ameelewa vizuri.

Alirudi siku mbili baadaye kulalamika kwamba dawa inamvuruga tumbo. Daktari akamuuliza anaimezaje. "Kama mlivyoandika," akasema. "Moja mara tatu ni tatu. Nameza tatu asubuhi, nimemaliza kazi ya siku." Hesabu yake haikuwa na kosa hata moja. Nyuma ya kaunta, Nyar Osiri alijificha kwenye mikono ya koti.

Daktari hakumgombeza. Alimngoja mwalimu aondoke na bahasha mpya iliyoandikwa kwa maneno matupu, asubuhi moja, mchana moja, usiku moja, ndipo akamwambia msichana kwamba swali la "umeelewa?" ni la kupoteza pumzi. Nani atajibu hapana, na nyuma yake kuna watu hamsini wanaopumua kwa hasira? Kinachofaa ni kumwambia mgonjwa, "Hebu nieleze, ukifika nyumbani utaimeza vipi?" kisha unyamaze. Mbinu hii si uchawi wa Migori. Huko Marekani, wafamasia wa idara ya afya inayohudumia jamii za Wahindi Wekundu walishaigeuza kuwa maswali matatu wanayofundishwa wanaoanza kazi: daktari alikwambia dawa hii ni ya nini, alikwambia uitumie vipi, na alikwambia utarajie nini? Mgonjwa ndiye anayeongea. Mfamasia husikiliza, na hapo ndipo masikio hupata mambo.

Nyar Osiri alianza kukusanya majibu, na baadhi yake ni hazina. Yupo aliyeeleza kwamba kila mara angetia kimoja mdomoni na kimoja puani, kwa kuwa ana mafua. Yupo mama ambaye "kijiko kimoja" cha dawa ya mtoto kilikuwa cha kugawia mchuzi. Kijiko cha dawa ni mililita 5, na tangu hapo kila chupa iliyotoka dirishani ilitoka na kikombe chake cha kupimia. Yupo pia kijana aliyeambiwa ameze dawa baada ya chakula, akauliza kwa unyenyekevu wote, "Na kama chakula hakuna?" Hapo hakuna aliyecheka.

Mambo ya chakula, kwa jumla, yalimchanganya zaidi ya kemia ya shuleni. Dawa ya malaria ya AL, ambayo ukanda wa ziwa unaijua kama unavyoijua omena, inataka mafuta: lumefantrini iliyomo humo huingia mwilini vizuri zaidi ikimezwa na maziwa au chakula chenye mafuta. Asubuhi nzima Nyar Osiri alikuwa akimsikia Daktari akiwahimiza akina mama wampe mtoto dozi sita kwa siku tatu, na maziwa yasikosekane. Mchana akapata fursa ya kusema. Mbele yake alisimama mwanamume aliyeandikiwa siprofloksasini. "Umeze na maziwa," akamwambia kwa sauti ya mtu aliyefuzu.

Daktari alikohoa. Siprofloksasini na maziwa hazipatani. Kalisi ya maziwa huinasa dawa tumboni, ikapita bila kufanya kazi. Ikabidi maagizo yabadilishwe hapo hapo: usimeze na maziwa, pishanisha kwa saa kadhaa, tumia maji. Bahati mbaya mteja alikuwa mchuuzi wa maziwa, na alisimama wima kulitetea jina la bidhaa yake. Mama aliyekuwa nyuma yake na chupa ya AL akataka kujua basi yake ni ya maziwa au si ya maziwa. Mwingine akasema yeye alijua zamani kwamba maziwa ya siku hizi yana kitu. Dakika kumi foleni haikusogea, na Nyar Osiri akapelekwa ndani kupanga chupa.

Ndani nako kulikuwa na mtihani wake. Amoksilini ya watoto huja ikiwa unga ndani ya chupa, na chupa ina mstari. Mtu hujiambia: tia maji mpaka kwenye mstari, tikisa, basi. Alitia. Alitikisa. Unga uliganda chini kama sima iliyoungua, na povu la waridi likapanda juu kwa furaha. Lilipotulia, dawa ilikuwa chini ya mstari. Akaongeza maji. Povu likapanda tena. Alipoitikisa mara ya tatu, kifuniko kilikuwa kimelegea na koti la watu likageuka waridi kuanzia kola. Anayeijua kazi huigonga chupa kwanza ili unga uachane na kuta, hutia nusu ya maji yaliyochemshwa yakapoa, hutikisa, ndipo akamalizia mpaka kwenye mstari. Kuna akina mama wanaolifanya hili nyumbani gizani, mtoto akilia mgongoni, na bado huwa tunashangaa dawa ikikosa nguvu.

Na jokofu? Jokofu litajwe upesi, maana bado linazungumzwa. Limeandikwa mlangoni kwamba ni la dawa tu. Nyar Osiri alikuwa na ngege wa kukaanga aliyefungwa kwenye gazeti, jua lilikuwa kali, na kando ya insulini palikuwa na nafasi. Jokofu la dawa hukaa kati ya nyuzi 2 na 8 na husomwa asubuhi na jioni. Katika kaunti jirani ya Homa Bay, ambako chanjo ya malaria ilizinduliwa nchini Septemba 2019, kazi yote ingekuwa bure bila majokofu yanayotii nyuzi hizo. Aliyekuja kusoma kipimo jioni hiyo aliandika nyuzi 6 kwenye karatasi, na chini yake, mahali pa maoni, akaandika: "Samaki."

Kitu kimoja tu alikiingilia kwa kiburi. Siku Daktari alipoanza kueleza hatari ya nukta, Nyar Osiri alitabasamu. Nukta! Mfundishe mtu wa Osiri nukta? Daktari akachukua kipande cha karatasi, akaandika .25, akamwambia asome. "Pointi mbili na nusu," akajibu papo hapo, kama mnunuzi. Daktari akaikunja karatasi, akaisugua mfukoni, akaikunjua. Nukta ilikuwa imeingia kwenye mkunjo. "Soma sasa." Ishirini na tano. Kidonge cha kawaida cha digoksini, dawa ya moyo, kina miligramu 0.25. Aliyesoma 25 anatafuta vidonge mia moja vya mkupuo mmoja. Ndiyo sababu sifuri huandikwa kabla ya nukta, wala haiandikwi baada ya namba nzima, kwani 1.0 iliyofifia ni 10. Osiri nukta ikipotea mtu mmoja hutajirika na mwingine huenda kwa chifu. Hapa chifu hana la kufanya.

Rafu za dawa nazo zina mitego ya namna hiyo. Karbamazepini ni ya kifafa, karbimazoli ni ya tezi ya shingo, na mwandiko wa haraka huyafanya majina hayo mapacha. Huko Texas, mwaka 1995, dawa ya maumivu ya moyo iliyoandikwa kwa mwandiko mbaya ilisomwa kuwa ya shinikizo la damu. Mgonjwa alifariki, na mwaka 1999 baraza la mahakama likaamua walioandika na walioisoma wote walipe fidia. Tangu aliposikia hayo, Nyar Osiri alipokea kila karatasi kwa mikono miwili na kuiinua kwenye mwanga, hata ile ya parasetamoli, mpaka Daktari alipomwomba aharakishe kidogo.

Wikendi alirudi nyumbani, na habari za koti zilikuwa zimemtangulia. Jirani mmoja, mama mzee, alimletea kopo la Blue Band lililojaa vidonge vya kila rangi: vya presha, vya mgongo, vya mwaka jana, vya marehemu mumewe. Chupa zote alizitupa. Daktari alikuwa ameshamsimulia Nyar Osiri jambo hilo la kutupa chupa. Mwaka 2001 Madaktari Wasio na Mipaka walipoanza kutoa bure dawa za kupunguza makali ya ukimwi katika hospitali ya Homa Bay, chupa ilikuwa aibu ya kubeba kwa sababu inalialia ndani ya mkoba, na matatu nzima ikajua. Wengine waliijaza pamba, wengine wakahamishia vidonge kwenye karatasi. Mama huyu hakuwa na siri yoyote. Alisema tu kwamba kopo ni imara zaidi.

Nyar Osiri alifanya jambo lake la kwanza la kifamasia bila kukosea: hakukisia. Alimwambia, "Dana," yaani bibi, "njoo nalo hospitalini Jumatatu." Alisahau kwamba Osiri haina siri. Jumatatu walikuja wanne, kila mmoja na kopo lake, na mmoja alikuwa amebeba ndoo.

Daktari alianza na dana. Alimwaga vidonge kwenye sahani, akavitenga kwa kisu: hivi vya presha, hivi vimekwisha muda, hiki ni kifungo cha shati. Kisha akasukuma pembeni kidonge kikubwa cha kijani, kikubwa kupita kiasi.

"Na hiki, mama?"

"Hicho si changu, daktari. Ni cha minyoo ya mbuzi."

"Vizuri. Lakini hujawahi kukimeza?"

Dana alifikiri kidogo. "Nusu tu."

"Nyar Osiri," akasema Daktari bila kugeuka, "leta kiti. Na ile ndoo isogeze hapa karibu."