Utangulizi wa Vipandikizolojia: Waridi la Kimilili na Aina Zake

Keti wima, mwanafunzi. Wanahistoria wamemaliza karatasi wakiandika vita na mikataba, wakakipita bila salamu kijiti cha waridi kilichochomekwa kwenye mkebe wa mafuta ya Kasuku nyuma ya jiko, hapa Kimilili chini ya Mlima Elgon. Ndiyo maana dunia haijaeleweka.

Fasili. Kipandikizi ni kijiti chenye unene wa penseli na urefu wa sentimita 15 hadi 20, kilichotenganishwa na mamaye kwa makusudi. Shika neno makusudi. Kilichovunjwa na ng'ombe si kipandikizi, ni ajali ya kimiiba, na kina wataalamu wake.

Aina ya 1: Kipandikizi-ombwa. Hukatwa kwa wembe, mshazari, chini kidogo ya jicho. Majani ya chini huondolewa, mawili ya juu huachwa.

Aina ya 2: Kipandikizi-nyakuzi. Hiki hutoka kwenye ua wa jirani wakati mnyakuzi anaelekea kanisani. Wasiosoma hudai kwamba cha kuiba hushika upesi. Uongo! Mnyakuzi hana wembe. Huvunja kwa mkono, gome huchanika, ncha huoza. Ila tutofautishe Nyakuzi-adhuhuri na Nyakuzi-magharibi: cha pili hakinyauki haraka kwa kuwa jua limepoa. Kisayansi, basi, wizi wa jioni ni bora.

Aina ya 3: Kipandikizi-pindu, kilichochomekwa kichwa chini. Macho yake yanatazama ardhi, nacho hakitafuti mizizi. Tusikae hapa.

Vyote hutiwa kwenye mchanga wenye unyevu na kufunikwa kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, mahali penye kivuli. Mizizi huchukua wiki 4 hadi 6, na ndani ya muda huo huzuka kiumbe nimwitaye Mchomozi: mtu anayekichomoa kijiti kila asubuhi aone kama kimeota. Nimempanga kwenye kundi la magonjwa, baada ya kuvu.

Sasa Ujichoshaji, yaani kupachika jicho la waridi moja kwenye shina la jingine, tawi tukufu. Mashamba ya maua ya Kenya hutumia sana shina la Natal Briar kwa nguvu ya mizizi yake. Gome huchanjwa kwa umbo la T, jicho la waridi teule huingizwa, kisha hufungwa kwa utepe wa nailoni. Waholanzi walikwenda mbali zaidi: kikonyo hubebeshwa juu ya kijiti ambacho chenyewe hakina mzizi, kidonda kikapona huku mizizi ikiota. Ni ndoa ya wawili wasio na nyumba, na inadumu.

Hatari ni maotea. Machipukizi yakitokea chini ya kiungo ni ya shina, si ya waridi lako. Ukiyahurumia utajikuta unamwagilia Natal Briar, na lile jekundu ulilolinunua Kitale limekwisha kufa.

Zoezi: mvua za Machi zikishika, nenda kwa jirani, bisha hodi, omba. Beba wembe wako. Ukimkuta Mchomozi njiani, mnyang'anye mkebe.