Bi Staftahi Anajibu: Kornifleksi Bila Ng'ombe

Nilipopewa safu hii nilijiandaa kwa shida za mapenzi. Kumbe nyumba za watu zinagombana juu ya bakuli la kornifleksi. Mmoja maziwa yanamuumiza tumbo, mwingine mtindi unamchefua, wa tatu hana friji, na kila nyumba ina mzee mmoja aliyeapa kwamba nafaka bila maziwa si chakula. Nimezifupisha barua, nimeficha majina, na matusi ya wakwe nimeyaacha nje. Majibu ni yangu; matumbo ni yenu.

Bi Staftahi, shikamoo. Mimi ni karani wa kaunta, baba wa watoto watatu, mtu mwenye heshima zangu. Nikila kornifleksi na maziwa asubuhi, ikifika saa nne tumbo linaunguruma mbele ya wateja kama bajaji inayopanda mlima. Mke wangu anasema ni husuda za kazini. Mtindi nao siuwezi, uchachu wake unanikunja uso. Nifanyeje?
*Tumbo la Ofisi, Tabata*

Marahaba, mwanangu. Waache wafanyakazi wenzako, safari hii hawana kosa. Maziwa yana sukari yake iitwayo laktosi, na utumbo hauwezi kuivunja bila kimeng'enya kiitwacho laktesi. Mtoto mchanga anacho tele. Kwa watu wazima walio wengi duniani kinapungua, kwa hiyo laktosi inashuka nzimanzima hadi utumbo mpana, bakteria wanaichachusha, na gesi inayotokea ndiyo inayokusemea mbele ya wateja.

Wapo waliosalimika. Mwaka 2007 mtafiti Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kwa watu wa Tanzania, Kenya na Sudan. Waligundua mabadiliko ya vinasaba yanayomwezesha mtu mzima kunywa maziwa bila taabu, yakiwa tofauti na yale ya Wazungu, na yameshamiri hasa kwa jamii za wafugaji. Jirani yako Mmaasai akimaliza kibuyu kizima na kuondoka anapiga mluzi, usimwonee gere. Huo ni urithi, na wewe kwenye mirathi hiyo hukuandikwa.

Dawa yako ni tui la nazi. Ng'ombe hatumhitaji, mbuzi anatosha: mbuzi ya kukunia. Kuna nazi moja, tia kikombe cha maji ya uvuguvugu, kamua na uchuje. Hilo ni tui zito; liweke kando kwa mchuzi wa mchana. Rudisha maji vikombe viwili kwenye machicha yaleyale, kamua tena. Tui hili jepesi ndilo la bakuli lako. Lipashe kwa moto mdogo pamoja na iliki mbili ulizoziponda, kijiko cha sukari na chembe ya chumvi, ukikoroga bila kuacha. Ukienda kupokea simu litakatika, mafuta juu na maji chini, na hapo usiniandikie tena. Liache lipoe kabisa kabla ya kumimina, maana kornifleksi zikimwagiwa kitu cha moto hulegea hata hujashika kijiko. Litumie siku hiyohiyo. Tui halijui kusubiri kesho.

Tui zito usilitie kwenye bakuli, hata ukishawishika. Lina mafuta mengi, na utasinzia kaunta. Tumbo likishanyamaza, wateja wataanza kulalamikia usingizi.

Shikamoo Bi Staftahi. Niko hosteli, mwaka wa pili. Friji hatuna, maziwa ya boksi ni anasa, na mwezi umefika kona. Mwenzangu wa chumba anakula kornifleksi kwa maji na sukari, tena mbele za watu. Je, nimripoti kwa mlezi wa wanafunzi?
*Bumu Halijaingia, Dodoma*

Marahaba, mjukuu wangu. Usimripoti, mpelekee karanga.

Kwanza tumtendee haki. James Caleb Jackson wa Dansville, jimbo la New York, alipotengeneza nafaka yake ya asubuhi mwaka 1863, ilikuwa ngumu kiasi kwamba ililazimu kuilowesha usiku kucha ndipo jino lipite. Tangu mwanzo, kazi ya kimiminika kwenye bakuli ni kulainisha. Hiyo maji yanaiweza. Yanachoshindwa ni mambo mawili: hayana ladha, na hayana mafuta. Mafuta hupunguza kasi ya nafaka kunywa maji. Ndiyo maana kornifleksi za mwenzako zinageuka uji kabla hajamaliza kukuambia habari za mpira.

Karanga zinaleta vyote viwili kwa bei ya gengeni. Chukua kikombe kimoja cha karanga zilizokaangwa bila chumvi, zipukute maganda, ziloweke usiku. Asubuhi zitwange au zisage kwa vikombe vitatu vya maji safi, chuja kwa kitambaa safi, kisha chemsha tui lako kwa dakika kumi ukikoroga. Likipoa, mimina. Makapi usitupe, yatie kwenye mchicha wa jioni.

Ila zichambue kabla ya kuziloweka. Karanga iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu inaweza kuwa na sumukuvu, na sumukuvu haiogopi moto wa jiko lako. Itupe bila huruma, hata kama bumu halijaingia.

Na mtu akikucheka, mwambie kwamba John Harvey Kellogg, daktari wa Battle Creek, Michigan, ambaye pamoja na ndugu yake walituletea kornifleksi, aliomba pia hati miliki ya namna ya kusaga karanga katika miaka ya 1890. Karanga na kornifleksi zimelelewa nyumba moja. Wewe unazikutanisha tu.

Bi Staftahi, nakusalimu kwa heshima. Nilinunua boksi la maziwa ya lozi kwa bei ambayo mume wangu hajaambiwa. Mama mkwe akalisoma, akauliza: "Lozi anakamuliwa wapi?" Siku ya pili nikamwekea mjukuu wake kornifleksi kwa tui la nazi, akasema mwacha mila ni mtumwa. Nimekwama kati ya boksi na mila.
*Mkaza Mwana, Tanga*

Tuanze na boksi. Ligeuze usome orodha ya vilivyomo. Vinapangwa kuanzia kilicho kingi, na katika aina nyingi wa kwanza kwenye foleni ni maji. Lozi wako nyuma, wachache, wamechoka. Si haramu, na si jambo jipya: jikoni mwa Ulaya ya Zama za Kati tui la lozi lilipikiwa sana wakati wa Kwaresima, nyama na maziwa vilipokatazwa. Lakini kwa nini uagize lozi za ng'ambo ilhali unaishi nchi ya korosho? Waulize wanaouza vipande, vile vilivyovunjika wakati wa kubangua. Ni rahisi kuliko korosho nzima na kwenye blenda hakuna anayetambua. Loweka kikombe kimoja kwa saa nne, mwaga maji yale, saga na vikombe vitatu vya maji mapya, chembe ya chumvi na tende mbili. Hata kuchuja huhitaji, korosho huyeyuka yote.

Sasa mila. Msubiri mama mkwe atulie, umwulize kwa adabu: vipopoo tunavipika kwa nini? Tambi za sukari za mwezi wa Ramadhani zinaiva ndani ya nini? Na uji wa mchele aliomnywesha mumeo akiwa mdogo, ulitiwa nini? Pwani imekula wanga ndani ya tui tamu lenye iliki kwa vizazi. Kornifleksi ndizo zilizozaliwa Michigan. Kwenye bakuli ulilomwandalia mjukuu wake, mwenye mila ni tui.

Mwambie hayo ukiwa umebeba sinia la chai. Mkono mtupu haulambwi.

Shikamoo mama. Niko Malmö, Uswidi, mwaka wa tatu sasa. Hapa kila mtu anakunywa maziwa ya oti, nami nimeiga. Juzi nikajikuta nakula oti ndani ya maziwa ya oti, nikaona haya. Si ni sawa na kula ugali kwa uji? Bibi yangu wa Songea akijua atasemaje?
*Oti kwa Oti, Malmö*

Marahaba, mwanangu. Bibi yako atasema: "Hiyo mbona togwa?" Na atakuwa ameshinda wasomi wengi.

Kinywaji hicho kilianzia jirani yako tu, Chuo Kikuu cha Lund, mwanzoni mwa miaka ya 1990, mikononi mwa mtaalamu wa chakula Rickard Öste. Oti husagwa na maji, halafu hutiwa vimeng'enya vinavyokata wanga kuwa sukari iitwayo maltosi. Wanga ukikatwa, kile ambacho kingekuwa uji mzito kinabaki chepesi cha kunywa, na utamu unakuja hata kabla ya mtu kugusa bakuli la sukari.

Sasa kumbuka jikoni kwa bibi. Anapika uji wa mahindi, mzito. Anauacha upoe mpaka kidole kivumilie. Anatia kimea, yaani unga wa ulezi ulioloweshwa, ukaoteshwa, ukaanikwa na kusagwa. Anafunika, anaondoka. Akirudi, mwiko uliokuwa umesimama unaogelea, na uji umekuwa mtamu. Ulezi ulipoota uliamsha vimeng'enya vya kuvunja wanga, vya jamaa moja na vile vya Lund. Bibi hakupeleka ombi la hati miliki, alikuwa na shamba la kupalilia.

Kwa hiyo usione haya, ila usiridhike. Bakuli lako ni wanga juu ya wanga. Kinywaji cha oti kina takriban gramu moja ya protini katika mililita 100. Maziwa ya ng'ombe yana kama gramu tatu na kitu. Ya soya yanakaribia tatu. Ukitaka kufika saa sita bila kutafuna penseli, badili uende soya, au tupia njugu juu. Na ukija likizo, jaribu togwa changa iliyopoa juu ya kornifleksi. Mahindi yatakutana na mahindi, lakini yatakuwa na mengi ya kuzungumza.

Bi Staftahi, mtoto wetu ana miezi minane. Baba yake amesikia kijiweni kwamba tui la lozi linatosha badala ya maziwa. Nimkubalie?
*Mama Kifungua Mimba, Kisumu*

Usimkubalie, na hapa utani nauweka pembeni. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka miwili au zaidi. Tui la lozi, la nazi, la karanga au la oti haliwezi kuchukua nafasi ya maziwa ya mama au ya kopo maalumu la watoto katika mwaka wa kwanza.

Tena, kushindwa laktosi ni jambo moja na mzio wa maziwa ni jambo jingine. Mzio ni mwili kupigana na protini za maziwa: mtoto anaweza kutoka vipele, kutapika, kuvimba uso. Huyo anapelekwa hospitali, haletwi kwenye safu yangu. Maziwa yaliyoondolewa laktosi hayamsaidii, maana protini bado zimo.

Kwa wakubwa walioacha maziwa, kumbukeni kalisi. Chagueni kinywaji kilichoongezwa kalisi, na jioni kuleni dagaa pamoja na mifupa yao. Kwenye kornifleksi msiwatie.

MAJIBU YA MKATO

*Juisi ya machungwa, Morogoro:* Inafaa, hasa kwa granola. Daktari Maximilian Bircher-Benner wa Zürich, karibu mwaka 1900, aliwalisha wagonjwa wake oti zilizolowekwa kwa maji, zikatiwa limau na tofaa lililokwaruzwa. Leo tunaita muesli. Jaribu pasheni na papai.

*Maji ya dafu, Bagamoyo:* Ndiyo, ila ni mepesi mno. Ponda ndizi mbivu moja ndani yake, uipige kwa uma mpaka ipotee. Ndizi ndiyo itakayokaa mahali pa mtindi.

*Chai ya rangi, Thika:* Kwa Weetabix, ndiyo. Ina tabia ya mandazi, hunywa chochote inachokutana nacho. Kwa kornifleksi, hapana.

*Soda ya machungwa, jina limehifadhiwa:* Una miaka mingapi?

*Bia, jina limehifadhiwa kwa nguvu zaidi:* Barua yako nimeipeleka kwa mchungaji.

Bi Staftahi, nimesikia unaandaa safu ya kututukana sisi wafugaji. Nina ng'ombe wanne wa maziwa. Ukiwafundisha watu tui na karanga, mimi nile nini?
*Mfugaji Mwenye Uchungu, Muheza*

Ndugu yangu, sina ugomvi na ng'ombe wako. Mwenye tumbo linaloyapokea maziwa ayanywe kwa raha zake, na mtindi wako kwa ugali sina pa kuuacha. Ninachokataa ni sheria isiyoandikwa kwamba kila bakuli la asubuhi lazima lipite zizini. Bakuli linataka kitu cha kulilainisha, mafuta kidogo na ladha. Anayetimiza hayo kapita usaili. Mimi mwenyewe maziwa nanunua kila asubuhi. Yote yanaishia kwenye chai, na deni langu kwa muuza maziwa, Mungu ni shahidi, halijapungua hata senti.