Jinsi ya Kubobea katika Ulumbi wa Wayunani Bila Kuhama Mtaa wa Nyayo Highrise

Jipatie kwanza nakala ya Rhetoric ya Aristotle, uiweke dirishani mahali ambapo kila apandaye ngazi ataiona. Usiisome bado. Wengi waliofika mbali katika fani hii walifika kwa kuchora pembetatu tu: sifa ya msemaji huku, hisia za wasikilizaji kule, hoja juu. Pembetatu hiyo inatosha kuendeshea semina za mashirika hadi ustaafu, na ikibidi, kampeni moja ya kuwania uwakilishi wa wadi. Aristotle mwenyewe hakuchora pembetatu yoyote, lakini hilo lisikukoseshe usingizi.

Ukilazimika kusoma, utakuta mzee anaanza kwa ukali. Waliomtangulia, asema, wamefundisha kuwachezea mahakimu kwa hasira na huruma, wakaiacha hoja, nayo ndiyo mwili wa ushawishi. Safi. Kisha katika kitabu cha pili anatumia sura kumi nzima kueleza hasira, woga, aibu, huruma na wivu vinavyoamshwa. Mjerumani Friedrich Solmsen, mwaka 1929, alitetea rai kwamba Rhetoric nzima ina matabaka ya nyakati tofauti. Wengine wakashikilia kwamba ni kitu kimoja tangu mwanzo. Chagua upande leo hii, kisha uwakasirikie walio upande wa pili. Ukishawakasirikia, umekuwa msomi. Ukiwa na wazee wa msikitini, mtaje pia Ibn Rushd, aliyekifafanua kitabu hicho kwa Kiarabu katika karne ya 12. Watakusogezea mkeka.

Usithubutu kusema ulumbi ulizaliwa Athens. Cicero, akimnukuu Aristotle, anasimulia kwamba ulizaliwa kisiwani Sicily. Watawala wa mabavu waling'olewa huko katika karne ya 5 kabla ya Kristo, watu wakaenda mahakamani kudai mali walizonyang'anywa, ndipo Corax na Tisias wakatunga kanuni za kusema. Hapa sharti ukohoe kitaalamu na kuongeza kwamba Thomas Cole, mwaka 1991, aliuliza kama huyo Corax, yaani Kunguru, hakuwa tu Tisias kwa jina la utani. Usisimulie hayo kwa sauti kubwa ukiteremka kuelekea Soweto ya Kibera. Kibera nzima inajua kusema kunakozaliwa na shamba. Wanubi wa huko walilidai eneo lao kwa miongo na miongo hadi walipokabidhiwa hati ya ekari 288 mwaka 2017. Utaulizwa unafundisha au unajifunza.

Sasa mazoezi. Silaha ya Corax ilikuwa hoja ya yaelekeayo kuwa kweli. Mnyonge akishtakiwa kwa kumpiga mtu, aseme: mimi na mwili huu? Mwenye misuli naye aseme: ningethubutu vipi, nikijua kila mtu angenishuku mimi kwanza? Subiri blanketi la mtu lipotee kwenye kamba huko juu ya paa. Mpangaji wa chini, mwenye pumu, atasema hawezi kupanda ngazi zote hizo. Kijana wa ghorofa ya mwisho atasema mwizi mwenye akili haibi mlangoni pake. Wote wawili wameshinda, na keateka amebaki na kamba. Andika makala. Usilitafute blanketi, hiyo si kazi ya wasomi.

Zoezi gumu zaidi ni fomu ya basari. Mwalimu wako hapa ni Lysias, aliyewaandikia wenzake hotuba kwa malipo. Mteja wake mmoja alikuwa mlemavu aliyelipwa na mji oboli moja kwa siku. Mtu mmoja akamchongea kwamba si mlemavu wala maskini, tena anapanda farasi. Jamaa akasimama mbele ya Baraza akajibu: ningekuwa na fedha ningepanda nyumbu wangu mwenye tandiko laini, naazima farasi wa watu kwa sababu siwezi kutembea mbali. Mbona basi, akauliza, hunishtaki pia kwa kutumia fimbo mbili wakati wengine wanatumia moja? Kwa maoni yangu hakuna ukurasa katika Aristotle mzima unaoufikia huo. Kwa hiyo kamati ikikutazama simu ya kioo kikubwa mkononi, usiifiche mfukoni. Waambie mwenye pesa angenunua isiyopasuka, na uwaonyeshe ufa.

Linabaki suala la kodi. Tarehe 5 ikipita na wakala akaanza kupanda, fungua kitabu cha pili, sura ya tatu, juu ya kutuliza hasira. Aristotle anasema hasira hupoa mbele ya anayejishusha, na ushahidi wake ni mbwa, ambao hawamng'ati aliyeketi. Keti, basi. Si kwenye kiti. Sakafuni, mlangoni, miguu imenyooka. Mwamkie kwa heshima, umwite mzee hata kama umemzidi umri. Akikuuliza unafanya nini, mwambie ni utafiti. Akitoa kufuli, soma sura ya nane, inayohusu huruma, na uisome haraka, kwa maana dirisha lenye kitabu liko upande wa ndani.