Mraba Ulioanguka

Fedheha niliyoipata jana asubuhi katika darasa la kwanza, hapa Rugenge mjini Uvira, ingali inanichoma, tena inanichoma zaidi kwa kuwa hoja ilikuwa yangu, chaki ilikuwa mkononi mwangu, na ushindi haukuwa wangu. Nilikuwa nimekata mraba katika katoni ya sabuni, nikaupima pande zote nne kwa rula, nikausimamisha mbele ya hadhira ile tukufu ya watoto wa miaka sita, nao wakaitika kwa sauti moja kwamba ni mraba. Hapo shetani wa ualimu akanishawishi niuzungushe kidogo, usimame kwa pembe yake.

Kimya. Kisha binti mmoja wa dawati la mbele akasema kwa huruma ya dhati, "Mwalimu, umeanguka." Sikuthubutu kumwuliza ni nani.

Nikaeleza kwamba pande ni zile zile na pembe ni zile zile. Wakanitazama kwa adabu. Kaka wa mmojawapo, aliyekuja kuleta kalamu, akatia neno mlangoni, "Hiyo ni lozanji, Mwalimu." Na mama mmoja muuza ndagala, akitokea Kalundu, aliyetua beseni lake chini ya dirisha ili apumzike, akatoa hukumu bila kuombwa: "Mwalimu, watoto wanasema kweli. Ulikuwa mzuri, umeuharibu mwenyewe."

Balaa ni kwamba kijana yule alisema kweli pasipo kujua: lozanji ni umbo lolote lenye pande nne zilizo sawa, kwa hiyo kila mraba ni lozanji, ijapokuwa si kila lozanji ni mraba. Ukitaka kuiona ajabu hiyo, chukua vijiti vinne vya urefu mmoja, upigilie msumari mmoja katika kila kona, kisha usukume kona moja kwa kidole: mraba utalala ubavu uwe lozanji nyembamba, pande zisipungue hata unywele, pembe ndizo zitakazokusaliti. Fanya vivyo hivyo kwa vijiti vitatu, nawe utasukuma mpaka magharibi. Pembetatu haitikisiki, ndiyo maana mafundi huipachika chini ya paa la mabati linalongojea upepo wa ziwani. Waholanzi wawili, Pierre van Hiele na mkewe Dina van Hiele-Geldof, waliandika mwaka 1957 kwamba mtoto, katika daraja yake ya mwanzo, halijui umbo kwa sifa zake bali kwa sura yake nzima, kama umtambuavyo jirani kwa mwendo kabla hujamwona uso.

Wala mraba si umbo la kwanza kunitia taabuni: siku ya duara, mtoto alileta tairi la baiskeli, na mwenye baiskeli akaja nyuma yake. Siku ya pembetatu, sambusa niliyoinunua kwa fedha yangu ililiwa kabla ya kuhesabiwa pembe.

Lakini sikubali abadan kwamba taksiri ni ya watoto. Katika vitabu vyetu, ambavyo dawati zima hugombania kimoja, pembetatu zote zimekaa kitako, ncha juu, na miraba yote imelingana na ukingo wa karatasi. Mtoto asiyeonyeshwa lolote jingine afanyeje, ila kuamini kwamba kukaa hivyo ni sehemu ya umbo? Kisha mkaguzi huja, akauliza kwa nini hawajui, akaandika jina la mwalimu; la kitabu haliandiki. Mshahara unaochelewa nimeuzoea; hili sijalizoea.

Enyi mnaotunga vitabu vya darasa la kwanza, nawasihi: katika toleo lijalo ipindueni pembetatu moja tu, ncha yake iangalie chini. Gharama ya wino haitaongezeka.