Chumba cha Kununia

Jumatatu, 3 Novemba

Jana chama kilikutana kwangu. Kuhesabu pesa kulichukua dakika kumi, mambo mengine yakachukua saa tatu. Mwenzetu aliyetoka Nairobi juzi alitueleza kwamba siku hizi huko mke humpa mume zawadi ya picha: anapigwa akiwa na nguo za chumbani, au nusu yake, kisha picha zinatiwa kwenye albamu ya mume peke yake. Mweka hazina akauliza albamu hiyo inawekwa wapi wageni wakija. Hakujibiwa. Tukala.

Tarehe 14 mimi na Mwalimu tunatimiza miaka 15 ya ndoa. Mwaka jana nilimpa jembe. Alikuwa ameliomba.

Jumanne, 4 Novemba

Picha zenyewe zinaitwa za boudoir. Nimelifuata neno hilo kwenye kamusi ya ofisini saa ya chakula. Ni la Kifaransa, maana yake kichumba cha faragha cha mwanamke, na limetokana na bouder, yaani kununa. Kwa hiyo ni chumba cha kununia. Nyumba yetu haina. Mimi hununia jikoni. Mwalimu hununia nyuma ya gazeti.

Jumatano, 5 Novemba

Nimeenda sokoni kutafuta vazi. Kwenye mitumba nikaona gauni la kulalia la lesi, rangi ya maziwa, zuri. Mama muuzaji akalinyanyua juu kabisa, mahali ambapo soko lote la Migori lingeweza kulikagua, akauliza, "Hii ni ya nini, mama?"

Nikasema ni ya pazia.

Akalipima kwa mkono, akasema halitoshi dirisha, nitahitaji mawili. Akachimba kwenye rundo, akatoa la pili, saizi ya mtoto wa darasa la nne. Nimenunua yote mawili kwa shilingi 350. Akanishauri nishone pamoja katikati.

Alhamisi, 6 Novemba

Mimi ni karani wa wakili, na sifanyi jambo bila karatasi. Mtu akishapiga picha ya namna hii, picha ile inakaa kwenye kamera yake, kwenye kompyuta yake na kwenye simu ya rafiki yake aliyeazima chaja. Kwa hiyo nimeandika mkataba wa kurasa mbili: mpiga picha ataosha nakala moja ya kila picha, atafuta zilizobaki mbele yangu, na atakumbuka Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018. Kifungu cha 37 kinamhusu mtu anayesambaza picha za faragha za mwenzake: faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Nimekiweka kwa herufi nzito.

Mashine ya kuchapia ilitoa ukurasa wa kwanza, ikakwama. Ukurasa wa pili ulitoka saa nane, katikati ya hati ya kiapo ya kesi ya mirathi ya shamba. Wakili aliisoma hati yote, pamoja na pale "mteja akiwa amevaa vazi la lesi na leso begani". Akaniita. Amesahihisha koma moja. Hakusema neno lingine, nami sikuongeza.

Jumamosi, 8 Novemba

Studio iko ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo. Mpiga picha ni kijana wa miaka 26, mpole, wa kanisa jirani. Aliusoma mkataba wote midomo ikicheza, akafika kifungu cha 37, akauliza kama aje na mzazi. Nikamwambia asaini tu.

Mapazia ya nyuma alikuwa nayo manne: maporomoko ya maji, majengo ya Dubai, ngazi za ndege, na la buluu la pasipoti. Kitanda hana. Ana kochi la watu wawili lenye vitambaa vya kufuma, na vitambaa vile havitoki kwa sababu vimeshonewa. Nikachagua buluu. Nikavaa gauni nyuma ya maporomoko ya maji, nikajifunga leso kiunoni na nyingine begani, nikatoka. Kijana akatazama kamera. Tangu hapo hakuondoa macho kwenye kamera, hata alipokuwa akizungumza nami, hata alipojikwaa kwenye waya.

Jambo ambalo sikulifikiria ni kazi yake ya kila siku. Huku kwetu mpiga picha hali kwa harusi. Anakula kwa matanga. Kila wikendi yuko nyumbani kwa watu, hema limesimama, jeneza liko uwanjani, na ukoo mmoja mmoja unaitwa kusimama kando yake upigwe. Siku nyingine za wiki anatengeneza vitabu vya ibada ya mazishi, na picha ya jalada ndiyo ujuzi wake.

"Inamisha kichwa kidogo, mama. Hivyo. Uso wa amani. Kama umemaliza kazi yako."

Nikainamisha.

"Mikono pamoja. Usicheke."

Sikuwa nimecheka.

Picha ya kumi stima ikapotea. Chini mtu wa dawa za mifugo akapiga kelele kuuliza kama ni kwake peke yake. Joto la mabati likashuka juu yetu kama blanketi. Nikamwambia kijana tusubiri, nikaenda dirishani kutafuta hewa, nikavua leso ya begani nikaanza kujipepea. Chini barabarani, kwenye njia kuu ya kwenda Isebania, trela lilikuwa limebanana na mkokoteni wa miwa, na wenye vyombo hivyo walikuwa wakielezana asili ya mama zao. Nikacheka. Nikasikia mlio wa kamera.

"Samahani, mama," akasema. "Nilikuwa najaribu mwanga."

Jumatatu, 10 Novemba

Nimeenda kuziona. Kijana ametumia fomu iliyokuwamo kwenye kompyuta. Kila picha ina njiwa wawili juu, mshumaa kushoto, waridi kulia, na chini nafasi ya tarehe mbili, kistari kikiwa katikati. Kwenye tarehe ya kwanza ameweka mwaka wangu wa kuzaliwa, ambao ameutoa kwenye mkataba. Ya pili ameiacha wazi. Kwa hilo nilimshukuru.

Tumetoa njiwa. Mshumaa umekataa kutoka kwenye mbili, kwa hiyo hizo zimefutwa. Zimebaki nane za amani na moja ya dirishani. Ameziosha kwenye karatasi ya kung'aa, inchi nane kwa kumi, akafuta nyingine mbele yangu moja moja, akisema "Hii pia" kila mara kwa sauti ya mtu anayezika.

Nilipofika nyumbani nilizipanga kitandani. Nane zinaonyesha mwanamke aliyeipenda jumuiya yake. Kwenye ya tisa leso imeteleza hadi kwenye kiwiko, bega lote liko nje, mdomo uko wazi, na jino langu la pembeni lililovunjika linaonekana. Nilikusudia kuiondoa. Nimeirudisha kwenye rundo mara tatu.

Jumanne, 11 Novemba

Shangazi yangu aliolewa Mombasa, na ndiye aliyetufundisha kwamba picha haitolewi bila maandishi. Alikuwa na yake ya ujana aliyopigwa kwa Parekh, yule mpiga picha aliyefungua studio Mombasa mwaka 1942, ambaye wapenzi walimwendea wakiwa wamevaa nguo zao bora, wakajipanga mbele ya kamera kama wacheza filamu wa Kihindi. Nyuma yake shangazi alikuwa ameandika "Ukumbusho" na tarehe. Mume wake aliitunza ndani ya kofia. Watu wanaosema mambo haya yameletwa na simu hawakumjua shangazi. Tena pwani ile ile, kwenye harusi za wanawake, ukiingia na kamera unaombwa uiache mlangoni. Picha ya mwanamke aliyejipamba ina mwenyewe, na mwenyewe anajulikana.

Nami nikaandika "Ukumbusho" nyuma ya ile ya dirishani, kwa wino wa ofisini, kisha nikazirundika. Karatasi ya kung'aa hainyonyi wino. Sasa picha ya nane, ambayo ina uso wa amani kuliko zote, imeandikwa "ohsubmukU" kwenye paji la uso. Zimebaki nane.

Jumatano, 12 Novemba

Mwalimu ni mwalimu mkuu Homa Bay na huu ni msimu wa KCSE. Haji nyumbani hadi mtihani uishe. Kila alfajiri anakwenda kuchukua karatasi kwenye kontena lenye kufuli mbili, na funguo zake zinakaa kwa maofisa wawili tofauti. Kumtumia picha kwa simu nimekataa, kwa sababu simu yake huwa anampa bawabu amsomee salio. Nimeamua paseli.

Bahasha ya kaki, gundi, utepe, saini yangu juu ya utepe. Kwenye steji karani wa matatu akaibinya.

"Ndani kuna nini?"

"Hati."

Akaibinya tena. "Hizi ni picha." Akachukua kalamu nene akaandika PICHA, akapigia mistari miwili, akaongeza USIKUNJE. Halafu akaniangalia kwa huruma, akashusha sauti. "Pole, mama. Mazishi ni lini?"

Nikasema Ijumaa. Sijui kwa nini. Akanipunguzia shilingi 50.

Alhamisi, 13 Novemba

Bahasha haikufika. Makanga aliishusha Rodi Kopany pamoja na magunia ya mtu mwingine. Nimepiga simu tano. Imelala kwenye duka la mama mmoja anayeuza omena, ambaye aliahidi kwamba hakuna mtu atakayeigusa kwa kuwa ameiweka chini ya gunia.

Ofisini Wakili aliniuliza kama ile kesi yangu inaendelea. Nikasema iko njiani.

Ijumaa, 14 Novemba

Mwalimu amepiga saa moja jioni.

"Nyar Sakwa. Bahasha nimeipokea saa kumi na dakika arobaini. Utepe haujavunjwa. Saini ni yako."

"Umeifungua?"

"Nimefungua nikiwa peke yangu. Kanuni inataka mashahidi wawili lakini sikuita."

Kimya. Nikasikia akipindua karatasi. Moja. Mbili. Alikuwa akihesabu.

"Uko mzima?" akauliza.

"Niko mzima."

"Hospitali umekwenda?"

"Sijakwenda. Ni zawadi, Mwalimu. Ni miaka 15."

"Ahaa." Akapindua nyingine. "Najua ni miaka 15. Nilidhani unaniaga."

Nikamweleza kuhusu Nairobi, Wafaransa na kununa. Alisikiliza yote, kama anavyosikiliza mzazi aliyekuja kueleza kwa nini karo imechelewa. Kisha akanyamaza muda mrefu hadi nikatazama simu kama salio limeisha.

"Hii ya dirishani," akasema. "Stima ilikuwako?"

"Ilikuwa imepotea."

"Inaonekana."

Nikangoja.

"Zinanuka omena," akasema. "Zote. Nimeziegemeza ukutani zipate upepo. Sasa nimegeuza saba."

Jumatatu, 17 Novemba

Ameniandikia ujumbe saa nne usiku: "Unyevu wa ziwa unaharibu karatasi. Nimechukua hatua." Nimeuliza hatua gani. Hajajibu. Kesho ana Fizikia.

Jumatano, 19 Novemba

Mama wa mitumba ameniona barabarani akaniuliza pazia limekaaje. Nikasema limekaa vizuri. Akauliza na la pili. Nikasema hilo bado.

Jumamosi, 22 Novemba

Mtihani umeisha jana. Mwalimu amefika saa sita, amekonda. Amekuja na mbuta mmoja na faili.

Hatua aliyoichukua ni kuilaminisha. Alisubiri shule ilale, akawasha mashine ambayo huitumia kwa vyeti, akaipitisha ile ya dirishani mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa kwa ndani. Mashine ilikuwa na moto mwingi. Plastiki imefanya puto moja, kubwa kama sarafu ya shilingi 20, na puto limekaa begani, pale pale penye bega. Ameomba radhi kwa puto. Amesema alijaribu kulisukuma kwa kidole gumba hadi pembeni likakataa, na kwamba alijaribu muda mrefu.

Faili ni lile la hati zetu: hati ya shamba, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, risiti ya tangi la maji. Picha imewekwa baada ya cheti cha ndoa. Ameipa namba.

Nilipokuwa nikikaanga samaki alisimama mlangoni mwa jikoni, akakohoa, akanipa kibahasha.

"Na mimi nilikwenda studio. Ile ya karibu na steji ya Homa Bay."

Ndani mlikuwa na picha nne za pasipoti, pazia la buluu. Koti, tai ya shule, masikio yote mawili yanaonekana kama inavyotakiwa. Anatazama mbele kama mtu anayeshtakiwa.

"Asante, Mwalimu."

Hakuondoka. Akatazama nyuma kuhakikisha watoto wako nje, akainama karibu na sikio langu.

"Chini," akasema, "nilikuwa na kaptura ya kulalia."

Nimepunguza moto, nikaipeleka picha kwenye mwanga wa dirisha. Tai. Ukosi. Kifungo cha kwanza cha koti, halafu mwisho wa karatasi.

Tatu nimeziweka kwenye Biblia. Ya nne ameichukua, kuna fomu.