Buibui wa Mwanagenzi

Mtoto wa dada yangu anayesoma Kisii mjini anataka kufuga buibui. Si paka, wala si kuku wa kienyeji, ambaye Krismasi ikifika tungejua la kumfanya. Tarantula, mwenye manyoya, mpana kama kiganja. "Mjomba, kuna wa wanagenzi, hana shida."

Nikamtafuta huyo asiye na shida. Kumbe wanaosifiwa kuwafaa wanaoanza ni wageni watupu: wa waridi wa Chile, wa magoti mekundu wa Meksiko, wa nywele za kipilipili wa Nikaragua. Wapole, hawana haraka. Ukiwaudhi wanakurushia manyoya ya tumboni, nawe unajikuna hadi ukome. Jike huweza kuishi miaka 20 na zaidi. Kijana atahitimu, ataoa, atajenga kwao Nyamira, na bibi yule bado yumo kisandukuni akingoja nyenje. Yule wa Chile husema hali, akakaa miezi bila kugusa chakula, wala haelezi amekosewa nini. Halafu anapenda udongo mkavu. Nyamira! Mwezi wa Aprili hata soksi hazikauki. Udongo utakaukia wapi?

"Basi tuchukue wa hapa hapa, mjomba, tujenge nchi."

Wa hapa ndio balaa. Kenya na Tanzania tunaye Pelinobius muticus, wa rangi ya kutu, mchimbaji hodari. Huzama shimoni kwake miezi, wewe ukabaki unafuga udongo. Siku akitoka, hana manyoya ya kurusha. Huinua miguu ya mbele, hukwaruza kwa sauti, kisha huuma, na maumivu yake si ya kusimulia watoto. Wageni wapole, mwenyeji mkali: wa kwetu kabisa.

Tena serikali haina mzaha na vidudu. Mei 2025 vijana wawili Wabelgiji waliokamatwa Naivasha na chungu wapatao 5,000 walitozwa faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, la sivyo jela miezi 12. Chungu! Ukichimbua buibui porini bila kibali, utawaeleza nini askari wa wanyamapori wa KWS? Kwamba u mwanagenzi?

Nimemwambia haya yote. Amenyamaza siku mbili, kisha akaja na jina jipya: sasa ni "mradi wa ufugaji", na anaomba mtaji.

Wajomba wenzangu, kabla hamjatuma M-Pesa, ulizeni mnyama ana miguu mingapi.